Nani Atanipokea Shasha?

Nitasema ukweli tangu mwanzo, maana mimi sijui kuzungusha maneno: asubuhi ile ya mbio sikutaka kukimbia. Nilitaka kulala. Nilitaka kulala siku tatu mfululizo, bila mtu kugonga mlango, bila kusikia redio ya jirani ikitaja ni kijiji gani kimehama jana. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na sita kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza nikimngojea mwanamume mmoja aseme neno moja mbele ya watu. Jamani, kungojea kunachosha kuliko kulima.

Lakini jina langu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Adelaïde, mwalimu wa darasa la tatu, Sake. Na pembeni yake, kwa biki ya bluu, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika jina la Muhindo.

Lazima nieleze habari ya majina hayo mawili, la sivyo hutaelewa kwa nini nilivaa viatu vya kukimbia. Mbio ya kiangazi, kutoka Sake mpaka Shasha kando ya ziwa, aliianzisha Raphaël, katekista wetu, mwaka ule barabara ilipofunguka. Alisema vijana kukimbia peke yao na kurudi nyumbani haina maana. Waje na familia zao, na sufuria zao, na bashi zao, yale maturubai ya kujifunika, walale Shasha Jumamosi, wasali pamoja siku ya Mungu, wale sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kisha kila mtu arudi kwenye shida zake. Siku mbili tu za kupumzika kama watu. Basi ikawa hivyo kila mwezi wa saba. Wenye malori wanabeba wazee, akina mama na sufuria, na sisi wenye miguu tunakimbia.

Sasa, mwaka wa kwanza msichana mmoja alizimia pale mwisho wa mbio, na hakuna aliyejua ni wa nani. Raphaël akaweka sheria. Kila mkimbiaji aandike mpokezi wake, jina moja tu, ili watu wasigombane. Mpokezi anangoja Shasha na kikwembe, kitenge cha kufunika, mkononi. Ukifika unaingia ndani ya kamba, na hutoki mpaka mpokezi wako aitwe, aje, akufunike mabegani, aende nawe. Mke anapokelewa na mume wake, msichana anapokelewa na baba au mama. Raphaël masikini alifikiri ametengeneza habari ya kuzimia tu. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Kirotshe akampokea msichana ambaye si dada yake, akina mama wakapiga vigelegele, na kabla ya Noeli ndoa ilikuwa imefungwa. Tangu hapo kila mtu alijua. Mwanamume akikufunika Shasha, amekutwaa. Na ukirudisha kikwembe chake kabla ya chakula cha siku ya Mungu, umemkataa.

Muhindo aliniapia kwamba mwaka huu atanifunika yeye.

Papa wangu, Papa Faustin, alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi karibu na lori, amevaa koti lake la misa, fimbo katikati ya magoti. Alinitazama nikifunga viatu.

"Uliandika jina ya nani?" aliniuliza, ijapokuwa alijua.

"Ya Muhindo, Papa."

"Mwaka jana nilikupokea miye. Sikukufunika muzuri?"

"Ulinifunika muzuri sana."

"Sasa?"

"Sasa niko na miaka makumi tatu na moja, Papa."

Alicheka kidogo, bila furaha. Papa wangu ni mkulima wa Kalembe, kule Masisi inapopakana na Walikale. Tangu tutoke kule hajalala usiku hata mmoja Sake bila kulalamika kwamba hapa ni mawe matupu. Mama alifariki Sake mwaka wetu wa pili. Tulitafuta nusu siku mahali pa kumzika penye udongo wa kutosha, na Papa hajalisamehe jambo hilo.

"Sikia, mutoto wangu," alisema. "Njia ya Kalembe imefunguka. Bantu banarudia. Wiki hii miye ninarudia, nikalime mbele ya mvua. Nilikupa miaka sita ya kungojea ule kijana. Leo akikufunika, nitafunga kinywa, ata mama yake atukane ukoo yetu yote. Asipokufunika, unapanda na miye."

"Na kalasi yangu?"

"Kalembe hakuna batoto?"

Nilikaza kamba za viatu. Yeye akaendelea kuchora chini kwa fimbo.

"Mufanyabiashara iko muntu wa kupita, Adelaïde. Njia ikifungwa anageuza gari. Siye tunabaki."

"Ile siku hakugeuza gari, Papa."

Hilo hawezi kulikana. Tulikuwa njiani kutoka Kalembe kwenda Mweso, tunakimbia vita, mvua inapiga, Mama hawezi tena kutembea. Malori matatu yalitupita yakitupigia honi tutoke njiani. La nne likasimama. Kijana akashuka, akaangalia miguu ya Mama iliyovimba, akafungua mlango wa mbele akasema, "Mama, panda." Nyuma kulikuwa kumejaa katoni za sabuni. Akaanza kuzishusha kwenye matope, moja baada ya nyingine, mpaka watu wote tuliokuwa pale tukapata nafasi. Katoni zilikuwa za mama yake, na alitukanwa juma zima. Mimi nilimpenda kabla hajaniuliza jina. Usinicheke, hata wewe ungempenda.

Nilimkuta Muhindo nyuma ya lori lao anakaza kamba. Alipogeuka tukatazamana, na sijui nikuambie nini. Miaka sita, na bado mtu huyo akinitazama nasahau nilichokuja kusema. Inaniudhi sana. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi.

"Ulilala?" aliniuliza.

"Apana. Na weye?"

"Miye pia apana."

Alinivuta kidogo nyuma ya gurudumu, akatoa kikwembe ndani ya koti. Kijani kibichi, na ndege wadogo wekundu.

"Nilizunguka soko yote ya Goma juu ya hii," alisema. "Leo njo leo, Ade."

Niligusa kitambaa kwa vidole viwili, polepole, kama mtoto aliyekatazwa. Kisha nikauliza swali lililokuwa limeninyima usingizi.

"Ulimuambia Mama?"

Akaanza kukikunja tena. Alikikunja vizuri mno.

"Nitamuambia tukifika Shasha. Akishakula. Unamujua Mama, mbele ya kula hasikiaka muntu."

"Muhindo! Jina yako iko mu liste. Raphaël atasoma na mikro. Unataka mama yako asikie mu mikro?"

"Njo muzuri. Mbele ya bantu hataweza kukataa."

"Na weye? Mbele ya bantu utaweza?"

"Ade, nimechoka," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Wiki hii nilienda Walikale mara mbili. Kila barrière, shuka, panda, shuka, panda. Usinipigie kelele leo. Nakuomba."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumlaza kichwa mapajani mwangu alale. Vyote viwili kwa pamoja. Sikufanya hata kimoja, maana mama yake alikuwa ametokea upande wa pili wa lori na rozari mkononi.

Mama Kahambu ni mtu wa Butembo, mwenye duka la jumla hapa Sake na malori mawili. La tatu lilipotea njia ya Walikale pamoja na mume wake. Alizaa wasichana wanne, wote wameolewa huko Butembo na Beni, na nyuma yao ndipo akapata mvulana, na ndiyo maana anaitwa Muhindo, jina la kwao la mtoto anayebadilisha safu ya wasichana au wavulana. Mtoto huyo mmoja ndiye aliyebaki naye.

"Bonjour, Mwalimu," alisema.

"Bonjour, Mama Kahambu. Mulilala muzuri?"

"Tulilala. Ungali unakimbiaka na ile suruali mufupi?"

"Njo ya kukimbia, Mama."

"Mm. Na miaka yako, ningefikiria magoti." Kisha, akinitazama mimi wala si mwanawe: "Muhindo, ule binti ya Papa Kasika anatoka Goma leo. Umuwekee nafasi mbele, karibu na miye."

"Ndiyo, Mama," alisema Muhindo, akaondoka kwenda kumwekea nafasi msichana aliyechaguliwa na mama yake.

Tulibaki wawili. Nilidhani ataniongezea jingine, na nilikuwa nimejitayarisha kumjibu, heshima au hakuna heshima. Lakini alishusha sauti.

"Mwalimu, miye sikuchukii. Uko binti muzuri. Lakini nilibaki na mutoto moja wa mwanaume, na njia ya kwenu imekwisha kunikulia bwana. Mukwe wa Kalembe, kila kilio mutoto wangu atapanda ile njia. Kila ndoa atapanda. Uniache nipumuzike."

Aliyosema yalikuwa ya kweli. Nilimwambia, "Safari njema, Mama," nikaenda kwenye mstari wa kuanzia.

Kuhusu mbio yenyewe sina mengi. Wanaopenda kuandika kuhusu kukimbia waandike wao. Vumbi lilikuwa jingi, jua lilitoka mapema, na ziwa lilikuwa upande wa kushoto muda wote, baridi na zuri, na hatukuwa na ruhusa ya kusimama tunywe. Kwenye barrière, kile kizuizi cha njiani, askari waliinua kamba, wakatupigia makofi tukipita, jambo ambalo halitokei siku nyingine. Malori yalitupita yakiwa yamejaa familia zinazoimba. Nilimwona Muhindo kwenye usukani. Hakupiga honi, lakini alipunguza mwendo ili vumbi lisinifunike, akanitazama kwenye kioo mpaka kona. Ee Mungu wangu, kile kioo. Nilikimbia nusu ya njia kwa nguvu ya kile kioo tu.

Nilifika wa tisa kati ya wanawake ishirini na wawili. Si vibaya kwa mwenye magoti mabaya. Nikaingia ndani ya kamba nikihema, jasho linaniingia machoni, na upepo wa ziwa ukaanza kunipiga. Mbele yetu, uwanja wa shule ya Shasha ulikuwa umejaa bashi, moshi na sufuria, watu wa Sake, wa Masisi, wa Kirotshe, kila familia na moto wake. Mwanamke wa nane aliitwa, mume wake akaja akicheka, akamfunika, wakaenda.

"Namba kumi na nane!" Raphaël alitangaza kwenye kipaza sauti. "Adelaïde! Mupokezi, Muhindo wa Mama Kahambu!"

Kelele zikapungua. Wanaume waliokuwa wakicheza karata wakainua vichwa. Nikamwona Muhindo kando ya lori, kikwembe cha kijani chini ya kwapa. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu na moto wao, kijiko kikubwa cha kukorogea mkononi, na binti wa Papa Kasika pembeni yake. Mama Kahambu akainua uso. Muhindo akamtazama mama yake.

Nataka ulijue hili vizuri, maana baadaye watu walisema mama alimzuia. Uongo. Nilikuwa naona. Mama Kahambu hakufungua kinywa, hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alimtazama mwanawe, basi. Na Muhindo akasubiri apewe ruhusa. Hakupewa, na hakusogea.

"Muhindo wa Mama Kahambu!" Raphaël akarudia, sasa kwa sauti ya chini kidogo.

Mkimbiaji wa kumi alifika, akapokelewa na baba yake. Wa kumi na moja akafika, akapokelewa. Mimi nilisimama. Nilijikumbatia mikono kwa sababu ya upepo. Mtu fulani nyuma ya kamba alisema kitu kuhusu miguu yangu na wengine wakacheka. Nilimkazia macho Muhindo, nikimwambia moyoni, njoo tu, njoo hata kwa kuchelewa, njoo hata kwa kulia, hakuna atakayeuliza. Alikuwa anakikunja kile kikwembe kiwe kidogo zaidi.

"Nipe mutoto wangu!"

Alikuwa Papa. Alikuwa ameinuka na fimbo yake, anakuja akichechemea, koti la misa limejaa vumbi.

"Papa Faustin, unisamehe," Raphaël alisema, na uso wake uliiva kwa haya. "Jina yako haiko. Tungojee kidogo, pengine..."

"Tungojee nini? Miaka sita haitoshe?"

Hapo ndipo machozi yalipoanza kunitoka. Si kwa ajili ya Muhindo. Ni kwa kumwona Papa wangu anaomba mtoto wake mbele ya watu, na mimi ndiye niliyeacha kuandika jina lake.

Halafu nikamwona Mama Kahambu anaweka kijiko chini. Aliinuka taratibu, mkono kiunoni, kama mtu aliyekaa muda mrefu. Akafungua kikwembe chake cha juu, kile anachofunga juu ya kingine, cha rangi ya udongo, kimechakaa kwenye pindo. Akavuka uwanja. Watu wakampisha.

"Katekista, fungua kamba."

"Mama, iliandikwa Muhindo."

"Muhindo nilimuzaa miye. Fungua."

Raphaël alifungua. Mama Kahambu akanifunika mabegani, akakaza kifuani, akanikumbatia kwa mkono mmoja. Alinuka moshi na sabuni.

"Tembea," aliniambia sikioni. "Usilie hapa. Utalia tukifika."

Na wale akina mama wote, waliokuwa wamenyamaza kama kanisani, wakalipuka kwa vigelegele. "Mama Kahambu amepata binti!" Mmoja alianza kuimba, wengine wakapokea. Mama mzazi wa kijana akikufunika, nani tena atauliza? Nilipata nilichokitaka kwa miaka sita, mbele ya watu, kwa vigelegele. Nilitembea nikilia, na kila mtu akafikiri ni furaha.

Alinipeleka nyuma ya darasa, akaniketisha kwenye jiwe, akaleta beseni la maji ya vuguvugu. Alipoinama kuninawisha miguu nilitaka kukataa. Akanipiga kofi dogo kwenye goti.

"Tulia. Magoti haya yamevimba, nilikuambia."

"Mama, juu ya nini?" nilimuuliza. "Asubui ulisema nikuache upumuzike."

Alininawisha mguu wa kwanza mpaka akamaliza.

"Bwana yangu alipopoteaka, nilienda kumutafuta. Banisimamisha ku barrière moja, bakasema nitapita kama muntu atakuja aseme ule iko wetu. Nilisimama siku tatu. Bantu banapita, banaangalia, banaendelea. Bamoja nilikuwa nabajua." Akachukua mguu wa pili. "Nilipokuona pale mu kamba, baridi yote ilinirudilia. Sikukufunika juu ya Muhindo. Lakini nilijua nafanya nini. Nitakuwa mama mukwe yako. Mubaya kidogo, lakini nitakuwa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Yeye pia akacheka, mara moja tu, akamwaga maji, akarudi kwenye sufuria yake.

Haukupita muda Muhindo akaja. Alisimama mbele yangu na kile kikwembe cha kijani, na uso wa mtu aliyetua mzigo. Alikuwa na furaha. Jamani, alikuwa na furaha kweli!

"Ade. Umeona? Mama amekubali." Akapiga magoti mbele yangu akanishika mikono. "Imekwisha. Nilikuambiaka, mbele ya bantu hatakataa."

"Muhindo, Mama hangeinuka, ungekuja?"

"Ningekuja."

"Saa ngapi?"

Akafikiri. Namheshimu kwa hilo, hakunidanganya. Alifikiri kweli.

"Kisha chakula. Ao kesho, kisha misa. Nilikuwa nangojea wakati muzuri."

"Na miye nasimama mu kamba?"

"Raphaël angekufungulia. Ade, unajua kama nakupenda."

"Najua. Njo hiyo inanichokesha."

Aliinamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi la njia nzima, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kuzipangusa. Nilimpenda wakati ule kama siku ya kwanza, hata zaidi. Ndiyo maana nilimuuliza. Nilitaka anipe kitu cha kushikilia, kitu kidogo tu, nibaki naye.

"Ile siku ya mvua, njia ya Mweso. Gari tatu zilitupita. Weye ulisimama. Juu ya nini ulisimama?"

Akatabasamu, kwa kukumbuka.

"Mama hakukuwako," alisema.

Alilisema bila ubaya wowote, kama kitu ambacho kila mtu anakijua. Hata hakuona kwamba amesema jambo. Alikuwa bado anatabasamu, bado amenishika mikono, na mimi nikahesabu miaka iliyobaki ya maisha yangu ambayo Mama Kahambu angekuwako. Na siku asipokuwako, je, angemtafuta nani wa kumtazama? Mimi. Angenitazama mimi, angoje nimpe ruhusa. Nilikuwa nimechoka mno kwa kazi hiyo.

"Uende ukapumuzike," nilimwambia. "Hukulala."

"Utavaa hii yangu?"

"Uende kwanza, Muhindo."

Akaenda. Siku zote anakwenda ukimwambia aende.

Nilifunua kikwembe cha Mama Kahambu mabegani, nikakikung'uta, nikakikunja. Nilimkuta nyuma ya lori anapepeta mchele, peke yake. Binti wa Papa Kasika alikuwa amekwenda ziwani na wengine. Nilipiga goti moja, jinsi tunavyompa mkubwa kitu, nikamnyoshea kwa mikono miwili.

Aliacha kupepeta.

"Unanirudishia?"

"Ndiyo, Mama. Hapa nyuma, bantu habatuone. Sitaki bakucheke."

"Miaka sita nakukataa," alisema polepole. "Leo nakubali, weye njo unakataa." Nikasubiri matusi. Nilistahili, maana mwanamke yule alikuwa amevuka uwanja mzima kwa ajili yangu. Lakini aliweka ungo chini, akajipangusa mikono. "Alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu kibaya, Mama. Hajue kusema kitu kibaya."

"Najua. Nilimuzaa." Akavuta pumzi. "Baba yake alipopotea, nilimushika sana. Kila kitu, uniulize kwanza. Kuenda, uniulize. Kurudi, uniulize. Nilifikiri hivyo hatapotea."

Alinyosha mkono, lakini hakukichukua kikwembe. Alikisukuma nyuma, kwenye kifua changu.

"Baki nayo. Kesho mu chakula bantu bataona ungali nayo, batasema, kisha batachoka kusema. Ile ya bukwe iko ingine. Hii iko ya baridi." Kisha akauliza, "Papa yako anarudia Kalembe?"

"Wiki hii."

"Na weye?"

"Na miye, Mama."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akageuka upande wa lori, akaita kwa ile sauti yake ya dukani.

"Muhindo!"

Akaja mara moja, amesinzia, majani yamemganda kwenye shati. Aliponiona nimeshika kikwembe cha mama yake akatabasamu tena, maskini.

"Kesho, kisha chakula, utatayarisha gari," mama yake alimwambia. "Utapeleka Mwalimu na Papa Faustin mupaka Kalembe, mupaka ku mulango ya nyumba yabo. Banarudia kwabo. Utabashusha, utasalimia, utageuza. Na mu njia usimusumbue na maneno."

Tabasamu lilimtoka. Alinitazama. Alielewa; sio kwamba ni mjinga. Macho yalimjaa maji, mdomo ukafunguka, na mimi nikasimama pale nikamngojea. Ndiyo, nakiri. Baada ya yote yale, nilimngojea tena. Angesema tu, "Apana, Mama." Maneno mawili. Ningerudisha mzigo wangu chini, ningemwambia Papa aende peke yake, ningeolewa naye hata bila kikwembe.

Mama Kahambu pia alikuwa anamngojea. Niliona ameuokota ungo tena, mkono wake umeukaza.

"Ndiyo, Mama," alisema Muhindo, akaenda mbio kuangalia matairi.